Mgomba wa Muganyizi

Maawe mpendwa,

Kasinge waitu. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inaingia hadi kwenye meno. Magoti yanaendeleaje? Na kahawa, mmeshaanika? Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, mama yangu, husikilizwa na ukoo mzima.

Ndani ya bahasha kuna jarida. Ni la madaktari wa magonjwa ya akili, na picha ya jalada nimeichora mimi mwanao, siku ambazo sifui mashuka ya wazee. Utaijua mara moja: ni lile shina la mgomba tulilolizika nyumbani Kimwani, limevikwa shuka la kaka Muganyizi, limelazwa sebuleni juu ya nyasi. Watu wa huku wanadhani ni mtu amelala. Mhariri aliniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamjibu ni kaka yangu. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akipotea, mwili usionekane, mgomba huzikwa badala yake ili nyumba itulie. Akaniuliza kama ilitulia. Nikajifanya nakusanya penseli zangu.

Maana mimi sijatulia, Maawe. Tangu asubuhi ile Muganyizi alipotoka peku, akibishana na watu tusiowaona, tukamtafuta hadi Bukoba mjini bila kumpata, naishi naye. Kituoni namwona kwa mgongo, namfuata, akigeuka ni Mzungu wa watu. Kazini, kwenye chumba cha kukaushia mashuka, nasikia mluzi wake wa kuitia mbuzi. Naogopa. Mluzi ukinyamaza naogopa zaidi.

Na sasa Jumapili unaniambia kwa simu kaburi limechipua! Baba Mdogo, kwa haraka ya kuwahi mvua, aling'oa shina lile na tunguu lake, kile kitako cha mizizi kinachochipuza, badala ya kulikata juu ya ardhi kama inavyotakiwa. Nilicheka, kisha nikalia sana. Nilimsikia nyuma yako akifoka, "Likatwe! Maiti haichipui." Wewe ulinyamaza, nami najua ukinyamaza umeanza kukubali.

Usikubali, nakusihi. Mwambie kosa ni lake, mgomba haujakosea kitu. Sisemi Muganyizi yu hai. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonitesa. Lakini tukiukata tutakuwa tumemzika mara ya pili, na safari hii kwa panga.

Nisalimie dada wa Buhembe na wanawe, mchungaji aliyekuja kutuombea japo desturi ile haikumpendeza, na Baba Mdogo pia, mkaidi wetu. Jarida usilifiche chini ya godoro. Liweke sebuleni, na atakayeuliza aliyelala pale ni nani, mwambie ni mwanao.

Mkungu ukitoka, msiule kabla sijafika. Na ukisikia mluzi kibanjani kwenye migomba, Maawe, itikia. Mimi huku huitikia.

Mwanao,
Kokushubira