Dagaa wa Mama na Daftari la Mdachi

Rumonge, tarehe kumi na mbili Shaabani

Kwa dada yangu mpenzi Zena, huko Ujiji,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na amahoro, salamu ya amani, kutoka kwa jirani zetu Warundi, ambao bado wanakumbuka kicheko chako. U hali gani wewe, na shemeji Ramazani, na watoto? Kikohozi cha yule mdogo kimepona? Mimi ni mzima, ila nakuandikia nimelala kifudifudi, na sababu utaisoma. Mama hajambo mwili mzima, na mdomo wake ndio haujambo zaidi.

Najua ulisikia kwamba mdogo wako nilipata kazi bomani. Ni kweli. Nilikuwa namfundisha Kiswahili yule Mdachi aliyeletwa kusimamia boma letu dogo. Kila siku kanzu nyeupe, hata jirani yetu Asiya akanicheka kwamba natembea kama mtu aliyebana yai kwapani.

Bwana huyo hakutaka maneno ya kuulizana hali. Alitaka maneno ya kuamuru, na alitaka kuona kila neno likitendwa kwa mikono ndipo aliandike kwa penseli katika daftari lake jeusi. Tulipofika kwenye kumwaga, kunyunyiza, kurusha na kutawanya, alikasirika. Kwake yote yalikuwa jambo moja. Nami kwa kujiona mwalimu hodari nikampeleka ufukweni, kwa Mama.

Unamjua Mama akiwa kazini. Alinyunyizia mchanga maji kwa ncha za vidole, vumbi lisiwapande samaki. Akamwaga kapu. Kisha akawa anachota dagaa na kuwatawanya kwa ule mkono wake mwepesi, kila mmoja akalala peke yake bila kumlalia mwenzake. Waliovunjika akawarushia kuku. Bwana aliandika yote. Mama akaniuliza kwa Kirundi huyu mtu anayakusanya maneno yetu ya nini. Nikamwambia anajifunza. Akasema anayejifunza husalimu kwanza, na huyu hata hajamtazama usoni.

Siku nne baadaye upepo ulipeleka harufu ya dagaa hadi barazani kwa Bwana. Alishuka na askari watatu, akasimama mbele ya wanawake kumi na mmoja waliokuwa wakianika, akafungua daftari, akasoma kwa sauti: Tawanya! Askari wakawatawanya dagaa kwa mateke. Kazi ya siku tatu ikazama mchangani. Halafu akaniamuru nitangaze kwamba ufukwe ni wa boma na asionekane tena mwanamke na kapu. Nilitangaza, dada. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu, na neno lile alilitamka sawasawa kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Mama aliinama akaanza kuokota dagaa wake mmoja mmoja. Afadhali angenitukana.

Bila pale Mama hana pa kuanikia, na wewe na mimi tumekua kwa mchanga ule. Kesho yake alirudi. Wote kumi na mmoja walirudi. Bwana alipokuja, waliingia ziwani hadi magotini na makapu yao, wakaendelea kuosha dagaa. Asiya akasema ufukwe ni wa boma, sawa, lakini hajasikia tangazo la maji. Bwana akasogea hadi ukingoni, ameinamia daftari, anatafuta neno la kuwatoa. Ndipo maji yakamrukia usoni. Wanawake wakadakia hapo hapo, wakamrushia kwa mikono na kwa makapu, akarudi nyuma, akaanguka kitako. Hata askari mmoja alicheka, nilimwona.

Alipouliza nani alianza, kila mwanamke alijibu kwamba ni yeye. Akamnyooshea Mama kidole. Nikatoka mbele nikasema ni mimi. Nilichapwa hamsa ishirini za kiboko na kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Sasa watu wanakuja kunisifu eti nilijitwika kosa la mama yangu kama mtoto mwema.

Dada, nakuambia wewe: sikujitwika kosa la mtu. Nilianza mimi. Nilikuwa nimesimama pembeni ya Bwana, nikaingia ziwani na kanzu yangu, nikamrushia maji kwa mikono miwili. Wengine walikuwa wameinamia makapu; Mama peke yake aliniona. Sijuti, na nikipona nitaweza kurudia.

Na jingine. Bwana anaamini ziwa limemeza daftari lake, amewapigisha mbizi askari wake siku mbili. Daftari ninalo; lilimponyoka alipoanguka, nikalificha ndani ya kanzu. Karatasi hizi zilizokunjamana na kunuka samaki ndizo zenyewe. Geuza huu ukurasa wa mwisho, utaona mwandiko wake, na katikati yake neno lile nililompa. Nimemnyang'anya. Usiuchome. Kila ukurasa wake tunafungia dagaa wanaokwenda safari, na huu umefungia wa kwako. Walianikwa wiki hii, pale pale. Mama amekwisha fukuzwa mara tatu na amerudi mara nne.

Anayekuletea ni Radjabu, mchuuzi wa mawese. Mpe chai, mdomo wake ni mzito. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na kwa jirani sema tu kwamba sote tu wazima.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hadi leo siwezi kuketi,

Shafii