Baba Anashuka Thika

Kiganjo, Nyeri,
Jumatano jioni.

Dada yangu mpendwa Monicah,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako baridi ya mlima mwezi huu haina adabu hata kidogo. Natumaini wewe, mumeo Kinuthia na wavulana wenu wawili huko Kerugoya hamjambo, na kwamba kile kikohozi chako kimekuacha. Mimi ni mzima. Baba pia ni mzima, tena mzima kupita kiasi kwa mzee wa umri wake, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani na simu ninayo. Simu yako hukaa zaidi mikononi mwa Kinuthia kuliko mikononi mwako, na haya si maneno ya kusomwa na Kinuthia. Ndiyo maana nimempa Beth, yule tuliyesoma naye, barua hii akukabidhi mwenyewe. Isome ukiwa peke yako.

Unakumbuka jinsi tulivyolelewa na reli. Baba alikuwa gadi wa treni zile za asubuhi na jioni zinazobeba wafanyakazi kati ya Thika na Nairobi, na sisi tulimwona Jumamosi na Jumapili tu. Alitusimulia jinsi watu walivyoning'inia milangoni, wengine wakakaa juu ya paa, na jinsi yeye na rafiki yake Salim, dereva, walivyokubaliana kwamba treni haiondoki mpaka bendera ya kijani ipepee, hata abiria watukane vipi. Kisha treni ya huku kwetu ikafa. Nyasi zikafunika reli, watu wakaanika mahindi juu yake, na Baba akawa anakuja nyumbani kwa basi akinung'unika. Alipostaafu alisema hataki kusikia honi tena. Kwa hiyo reli ilipokarabatiwa na treni ikaanza tena kupanda Nanyuki Ijumaa na kushuka Nairobi Jumapili, nilidhani ataitazama kwa mbali kama sisi wengine.

Wapi! Kila mwezi ana Jumapili moja ambayo ibada ikiisha tu, anavaa koti lake la kazi, anabeba mfuko na kwenda stesheni. Anarudi Ijumaa. Yaani mzee amestaafu halafu amejirudisha kazini mwenyewe. Nikimuuliza aendako, ananiambia anawasalimu wenzake wa reli. Wenzake gani, Monicah? Nusu yao tumewazika, na chai ya matanga niliipika mimi.

Nikaanza kuchunguza. Mchele wa pishori ninaonunua Wang'uru ukawa unapungua kabla sijaupika. Siku moja nikakuta mfukoni mwake sweta ndogo nyekundu iliyofumwa Karatina, sweta ya mtoto wa shule. Akasema ni ya mtoto wa mchungaji. Jumapili iliyofuata nilimpima mtoto wa mchungaji kwa macho, nikaona ile sweta ingemfika kitovuni. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwetu yalikuwa yametanda.

Lakini kilichoninyima usingizi ni shamba. Wajua mpaka wako na wangu ni ule mstari mmoja wa maua ya itoka aliopanda baada ya Mama kufa, mbele ya wazee, akasema hana mwana wa kiume na hamtafuti, shamba ni la binti zake wawili. Mwezi uliopita nilitoka kukama nikamkuta ameinama, anapanda mstari wa pili. Shamba sasa lina vipande vitatu. Nikamuuliza cha tatu ni cha nani. Akajibu kwamba treni haisimami kwa kila anayeinua mkono, akaendelea kupanda.

Hapo nikajua ana mke. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Hasira ilinipanda hadi nikafanya mambo mawili. Kwanza, Baba alipokwenda kupumzika mchana, niling'oa itoka zote za mstari mpya nikazitupa nyuma ya zizi, mimi niliyefundishwa tangu utotoni kwamba mpaka wa mtu hauguswi. Aliona mashimo jioni ile ile. Akachukua jembe akayafukia. Pili, nilikwenda kwa Baba Mdogo Mutahi nikamweleza kila kitu. Wajua Mutahi hajawahi kukubali shamba lipewe wasichana. Alinisikiliza kwa huruma nyingi mno. Kisha akaita kikao cha ukoo Jumamosi hii, ati kaka yake ajieleze, na akishindwa, shamba lirudi mikononi mwa ukoo. Nilitaka kufukuza paka, nikamfungulia chui mlango.

Jumapili iliyopita nikamfuata. Nilijifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, nikapanda behewa la nyuma, nikawa nachungulia kila stesheni: Karatina, Sagana, Murang'a. Alishuka Thika. Mama mmoja wa Kiislamu, mnene, mwenye buibui, alikuwa akimngoja, akampokea ule mfuko wa mchele kama mtu aliyezoea kuupokea. Nikasema moyoni, ndiye huyu. Niliwafuata hadi nikauona mlango wao, hapo karibu na stesheni, kisha nikaenda kwa dada yake Beth anayeishi huko. Kulala sikulala.

Asubuhi nikarudi stesheni. Treni ya wafanyakazi ilikuwa tayari, watu wakisukumana na mikoba yao ya chakula. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, akiwatazama wa mwisho wakipanda, vile vile kama zamani za kazi yake. Alikuwa ameshika mkono wa msichana wa miaka minane hivi, mwenye sweta nyekundu. Mara yule mama akaja mbio na kopo mkononi, akapaza sauti, "Ngendo! We Ngendo, wasahau chakula!" Mtoto akalipokea, akatoa leso ya kijani akaipeperusha nje, na treni ikang'oka kana kwamba ilikuwa ikimngoja yeye. Baba akacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu Mama afe, na sikufichi, dada, niliona wivu.

Halafu lile jina likaniingia vizuri, nikakaa kwenye benchi la stesheni.

Ngendo ni jina la Mama yetu. Fikiri pamoja nami kama mtu wa huku kwetu. Mwanamume akizaa binti wa kwanza, hata kwa mke wa pili, humpa jina la mama yake mwenyewe. Ndiyo maana wewe ni Watiri, jina la nyanya mzaa baba. Na hakuna mke mdogo anayempa mwanawe jina la mke mkubwa. Mtoto yule anaitwa Ngendo kwa sababu Ngendo ni nyanya yake. Msichana asiye na mume, asiye na mama mkwe wa kumpa mtoto jina, humwita binti yake wa kwanza jina la mama yake mzazi. Mama alizaa binti wawili tu. Mimi najijua.

Nilibisha hodi kwa yule mama. Ni Zuena, mjane wa Salim. Alinitazama usoni, akanikaribisha chai, akasema Baba alimwambia kwamba siku moja mmoja wetu atakuja, ila yeye alikuwa akimngoja yule mwingine. Aliniambia ulipokuwa chuo hapo Thika ulikaa kwake, ukajifungulia kwake, na Kinuthia alipoanza kukuposa ukamlilia Baba asimwambie mtu yeyote, hata mimi. Nikaikumbuka ile Krismasi uliyosema hukupewa likizo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi muda wote nilikuwa nje ya mtungi. Zuena hakukusema vibaya. Alisema tu kwamba magoti yake hayapandi tena treni, mtoto anasoma Ruiru, binti yake Rehana humpeleka, na wiki ambayo Rehana ana zamu ya asubuhi kazini, Baba huja.

Jioni Baba alishuka na mtoto, akanikuta nimekaa. Hakushtuka. Aliuliza ng'ombe atakamwa na nani. Nilipolia na kumwomba radhi, alisema itoka hupandwa tena. Kuhusu kikao alisema Mutahi aje, chai itakuwepo, lakini neno alilokupa hatalivunja, hata wakimwita mzinzi mbele ya kanisa zima.

Monicah, sikuandikii kukutisha. Namjua Kinuthia, na mama yake namjua zaidi. Lakini Jumamosi Baba atakaa kimya mbele ya ukoo wake, na kimya hicho kitamvua shamba na heshima. Jana nilirudi kwa basi, nikamwendea Mutahi nikamwomba avunje kikao. Akatabasamu, akasema binti asiyetaja sababu ana sababu kubwa. Leo asubuhi nimezirudisha itoka ardhini kwa mikono hii hii iliyozing'oa. Nyingine zimenyauka, lakini zitashika.

Kikao ni saa nne. Usipokuja, nitasimama mimi niseme Ngendo ni wangu. Jina litanikubalia, na hata Mutahi hataweza kulipinga, kwa kuwa linaweza kutoka kwako au kwangu tu. Wahome na watu wake walikuwa waje kuniposa mwezi ujao. Huenda wasije tena. Nimelia kwa ajili ya hilo, na bado nitasimama. Sitakuchukia. Lakini nikishasema mbele ya ukoo sitameza maneno yangu, na mtoto ataniita Mama.

Nisalimie wavulana wako. Kinuthia naye msalimie, na akiuliza, mwambie barua ilikuwa ya habari za ng'ombe. Baba anakusalimu. Zuena anakusalimu, anasema kitanda chako bado kipo.

Ngendo pia anakusalimu. Nilipomwambia nitamwandikia dada yangu, aliuliza kama unapenda treni. Nikamwambia nitakuuliza.

Mdogo wako akupendaye,
Nduta.