Shule Niliyoifunga kwa Kelele

Albertville, Jumanne, 1956

Na leo tena sikusema.

Mama Zaina ameniletea uji, akaketi hapa kitandani akanilisha kwa kijiko, kwa kuwa ugonjwa umenimaliza nguvu. "Kula, Papa. Ao unangoja inspekta aukubali kwanza huu uji?" Tukacheka. Kisha akasema, "Yule muzungu inspekta njo yeye alifunga shule yangu ya watoto wadogo. Mungu amusamehe."

Muzungu hakufika kwake hata siku moja. Alinituma mimi, karani wake, na fomu ambayo Mama Zaina hakuisoma. Swali la kwanza liliuliza kama watoto wametulia. Wanafunzi wake walikuwa kwenye mkeka wakihesabu ndagaa, na kila walipofika kumi walishangilia. Niliandika: "Makelele. Shule hii isikubaliwe." Kule shule ya ng'ambo ya mto watoto walikaa kimya kwa kuogopa fimbo, nikawapa alama zote. Fimbo niliiona.

Nilijua ni wapi watoto walikuwa wanajifunza. Niliogopa tu kwamba inspekta angenicheka nikisifu shule ya makelele.

Pumzi inazidi kuwa fupi. Kesho Mama Zaina akija nitamwambia kabla sijaonja uji. Akiondoka na bakuli lake, ni haki yake.