Mfuko Uliobaki Chumbani kwa Mama

Nyumbani,
Jumapili asubuhi, tarehe 2 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako ambaye bado anakoroma, maana leo hana kazi. U hali gani huko? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Natumaini unakula. Kwenye simu hata sauti yako imekonda.

Sisi tu wazima. Watoto wanakwenda shule, chakula kinapikwa na kinaliwa. Tangu tumzike Mama sijatoa chozi, na watu wameanza kusema nina moyo mgumu. Nimekufa ganzi tu, basi.

Barua yako niliipata Jumatano, nimeisoma mara nne. Unasema hutakuja, kwa kuwa huwezi kuingia katika nyumba ambayo kengele zako za moshi zilishindwa kumwamsha Mama. Unasema ulinunua takataka, na umemwandikia muuzaji maneno makali. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa simu nimejaribu mara tatu, nikaishia kukuuliza kama kwenu mvua inanyesha.

Nianze na nyumba. Chumba cha Mama kimepigwa plasta upya. Wiki iliyopita fundi umeme alikuja akafunga kengele mpya, moja kila chumba cha kulala, moja sebuleni na moja koridoni. Zimeunganishwa, ikilia moja zinalia zote. Amezipachika katikati ya dari, kwa kuwa anasema moshi huchelewa kufika pembeni. Jikoni ameweka inayohisi joto badala ya moshi, tusipigiwe kelele kwa kila kitunguu. Betri zake hazitolewi. Miaka kumi ikiisha unatupa kidude kizima. Kazi yangu ni kuzifuta vumbi na kubonyeza kitufe kila mwezi. Alinieleza haya yote mara mbili akiwa juu ya ngazi, ana mdomo huyo, nami nikawa naitikia "ndiyo, fundi" kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa jambo lenyewe.

Uliposema utakuja mwisho wa mwezi wa kwanza, Mama alisema mwanawe hawezi kufikia kwenye kuta chafu. Tukamwita fundi rangi. Kabla ya kupiga msasa alizifunika kengele zako tatu kwa mifuko ya nailoni, akazizungushia utepe wa karatasi wenye gundi ili vumbi lisiingie. Alifanya vizuri. Alipomaliza aliivua mifuko ya sebuleni na koridoni. Wa chumbani kwa Mama aliuacha, kwa sababu ukuta mmoja ulikuwa haujakauka na angerudi kuusugua. Akaniambia, "Dada, huu usije ukausahau." Nikamwambia nitautoa mimi.

Jumanne alirudi akamaliza. Jumatano Mama akauliza, "Huyu mbea mmemfunga mdomo mpaka lini?" Unajua ndilo jina alilovipa vidude vyako, kwa vile vilikuwa vikimtangaza kila akiunguza sufuria. Tulicheka. Nikamwambia kesho. Alhamisi nikamwambia kesho. Ngazi ilikuwa uani, imeegemea ukuta.

Ijumaa saa tisa alasiri Mama alikuwa amejipumzisha, kafunga mlango kwa ajili ya harufu ya rangi ya koridoni. Shemeji yako alikuwa kazini, watoto shuleni, mimi uani nafua mapazia. Tulipolirudisha kabati la Mama ukutani, mguu wa kabati ulikalia waya wa umeme, hakuna aliyeona, na siku hiyo waya ukashika moto. Nilisikia kengele ya koridoni. Nikasema, "Haya, mbea kaanza," nikaenda jikoni. Jikoni, mdogo wangu. Nikafunua maharage, nikayakoroga, nikapunguza moto. Ndipo nikageuka nikaona moshi unatoka chini ya mlango wa Mama.

Moto wenyewe ulikuwa mdogo, haukumgusa. Ni moshi.

Afisa wa zimamoto alikiteremsha kile kidude cha chumbani kwa Mama mbele yangu. Mfuko ulikuwa umesinyaa kwa joto na kukigandia. Akauchana kwa kisu, akabonyeza kitufe. Kililia papo hapo, hata yule jirani yetu fundi viatu akaziba masikio.

Ulinunua kitu kizima, na ulikifunga mahali pake. Hukuwahi mazishi, ukaanza kujilaumu, nami nikakuacha ujilaumu wiki sita, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Hapo ndipo pekee ninapohisi maumivu. Mwandikie yule muuzaji umwombe radhi. Mimi sijui niombe vipi, ila naomba.

Msalimie sana wifi, na umwambie mtoto shangazi anamkumbuka. Wapwa zako watatu wanakusalimu. Yule mdogo anauliza kama mjomba anajua kuendesha trekta, wala sijui kalitoa wapi. Fundi viatu anakusalimu pia. Mungu ailinde nyumba yako na wote walalao ndani yake, na wewe akurudishie usingizi.

Naishia hapa kwa kuwa leo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya kubonyeza kitufe. Tunafanya vilevile ulivyotufundisha: kengele ikilia kila mtu aache alichoshika, twende getini, mimi nihesabu watu. Unakumbuka Mama alikuwa akifika wa kwanza, na mkoba wake, akilalamika kwamba tunamchosha. Mwezi uliopita nilihesabu watano. Nikasema, "Bado mmoja," tukasimama tukisubiri. Shemeji yako alisimama tu, anatazama mlango, na watoto pia.

Njoo, hata kama ni kuja kunigombeza. Simama nasi pale getini, nihesabu upya.

Ni mimi ninayekupenda, na dada yako bado, kama utanikubali,

Dada Mkubwa