Mwisho Mliomwandikia Annah

Lucky Summer
3 Machi 2025

Kwako kaka Shiundu,

Habari za Tassia? Natumaini maji yamerudi kwenye ploti yenu na mgongo umeacha kukusumbua. Mimi nilifika Nairobi jana kutoka Butula, mzima wa mwili. Baba yangu tulimzika vizuri. Watu walikula, wakaimba, wakagombana kidogo, mambo yakaisha.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikikupigia simu nitapiga kelele, na mwenye nyumba wangu hapendi kelele isiyo yake.

Unajua simu yangu ilikaa kwa mweka hazina wa matanga muda wote, maana namba yangu ndiyo iliyokuwa ya michango. Niliporudishiwa, nikafungua kundi letu la waandishi, Wino Mbichi, nikitarajia pole. Pole nilizikuta. Chini ya pole nikakuta hadithi yangu imeisha.

Imeisha, Shiundu! Mimi niliiacha sura ya tisa: Annah anashuka ngazi na mtoto mgongoni na begi moja, amemwacha Austine na masanduku yake ya bati. Nimeikuta sura ya kumi na mbili: Annah amevaa gauni jeupe, Austine amepiga magoti mbele ya kanisa zima, analia. Analia nini? Alianza lini kupiga magoti? Na ile kwaya imetoka wapi? Mimi sijawahi kuandika kwaya maishani mwangu.

Juu yake pameandikwa jina langu. Chini yake kuna maua ya emoji, ya kufunika jeneza. "Dada Truphena umetubariki." "Ndoa imepona, Mungu ni mwaminifu." Kwa sura tisa nilizozitolea jasho baada ya zamu kiwandani, nilikuwa napata maua ya watu wale wale wachache, na mmoja wao ni wewe.

Nimeuliza nani aliyeandika. Mwalimu Clare, msimamizi wetu mpendwa, ameniambia ni wewe. Nijibu.

Dada yako, kwa leo,
Truphena

*

Tassia
5 Machi 2025

Kwako dada Truphena,

Pole tena na msiba. Natumaini Triza hajambo na hakuachwa nyuma sana shuleni. Maji hayajarudi. Mgongo ni ule ule.

Dada, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeumia. Unaandika kama mtu aliyeibiwa. Tangu lini kumshikia mtu sufuria ni wizi? Ndio utaratibu wetu. Mwanakundi akifiwa au akilazwa, wenzake wanaisogeza hadithi yake mbele isipoe, na jina linabaki la mwenyewe ili asipotee kwa wasomaji. Obonyo alipofanyiwa upasuaji, ni wewe uliyemshikia yule mpelelezi wake, na hakuna aliyekuita mwizi.

Watu walikuwa wakiuliza kila asubuhi: Annah yuko wapi, Annah amefika wapi. Clare akasema, mwenzetu anazika baba, tumkaribishe na furaha. Nikajitolea. Nimeandika sura zile tatu kwa kompyuta ya ofisi, na faili za maegesho ya kaunti zikiwa zimerundikana mbele yangu hadi mkubwa wangu akadhani hatimaye nimeanza kazi. Ile sehemu ya magoti niliirudia mara nyingi. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi.

Nilidhani utaniambia asante. Kumbe nimekosea njia.

Kaka yako, bila masharti,
Shiundu

*

Lucky Summer
10 Machi 2025

Kwako Shiundu,

Sisi hatujambo. Nyinyi je? Basi.

Mpelelezi wa Obonyo nilimwacha hai, na maiti anayoichunguza haijajulikana ni ya nani. Nilimpeleka kula chapati, akarudi, akala tena, mpaka mwenyewe akatoka hospitali. Kushika sufuria ni kuzuia isiungue. Wewe umepakua, umegawa, na umeosha.

Lakini hiyo ilikuwa hasira ya wiki iliyopita. Nina mpya.

Jana, baada ya kanisa, mlango ukabishwa. Bwire. Ndiyo, baba Triza mwenyewe, kutoka Kariobangi, na suti ya mazishi. Nyuma yake Mzee Ochola, mzee wa kanisa lao. Nyuma ya mzee, wifi yangu Millicent, dada yake Bwire, amebeba mkate na sukari. Na nyuma ya wote, kreti ya soda, imebebwa na mlinzi wa geti langu mwenyewe, amechangamka kama aliyealikwa.

Mzee Ochola akaketi, akavaa miwani, akatoa simu, akasoma sura yako ya kumi na mbili. Yote. Kwa ile sauti ya kusomea Waraka kwa Wakorintho. Alipofika kwenye kwaya akanyamaza kidogo, tuisikie.

Akasema, "Mama Triza, umeandika vizuri. Mwanamke akishasema mbele ya watu, inabaki mume kumjibu. Tumekuja kujibu."

Nikamwambia, "Mzee, hiyo sikuandika mimi."

"Jina hili ni la nani?"

"Ni langu, lakini…"

"Na huyu Austine anayetengeneza masanduku ya bati, ni nani?"

Ni kweli nilibadilisha majina, masanduku nikayaacha. Hilo ni langu. Lakini katika sura tisa zangu Annah anaondoka na hageuki nyuma, na hakuna mzee aliyekuja na soda kuniambia nimeandika vizuri.

Watarudi Jumapili ya tarehe 23 na pickup, wachukue vitu vyangu. Bwire ameshalipima kabati kwa macho. Nimekaa miaka miwili katika chumba hiki bila kuangalia mlango kila nikisikia buti ngazini, na kaka yangu wa kalamu amenirudisha kwa mume kwa kompyuta ya kaunti.

Sura zako zifutwe. Jina langu litoke.

Truphena

*

Tassia
14 Machi 2025

Kwako dada Truphena,

Salamu nyingi, na sijui niziweke wapi. Hujajiita dada yangu mwisho wa barua. Nimeona.

Sikujua kuhusu Bwire. Nilijua mliachana, sikujua kwamba ngazi za Annah ni ngazi zako. Ulisema ni hadithi nami nikaamini, maana ndivyo ninavyotaka watu waamini zangu.

Nimemwandikia Clare mara tatu. Ya kwanza akanijibu kwa maua. Ya pili akasema hadithi ikishapendwa na wasomaji si yako tena, ni yao. Nikamwambia kuna mtu atahamishwa nyumba kwa nguvu ya hadithi hiyo. Akasema basi, tuwe na demokrasia, akapeleka jambo kwa kura uliyoiona: mwisho wa Annah ubaki au utolewe?

Umebaki. Kwa kishindo. Waliotaka utolewe tulikuwa wewe, mimi na Obonyo, na Obonyo amenipigia baadaye kuomba radhi kwamba alibonyeza vibaya.

Mmoja ameandika, "Dada Truphena asituharibie Jumapili." Mwingine anasema huo mwisho umemfanya ampigie mkewe simu. Clare anataka usome sura hiyo kwenye mkutano wetu wa Aprili, ukivaa nyeupe.

Niambie nifanye nini. Nitafanya.

Kaka yako,
Shiundu

*

Lucky Summer
15 Machi 2025

Kwako kaka Shiundu,

Hatujambo, ila Triza ana mafua na mimi nina kichaa.

Kura! Watu wamepigia kura mahali nitakapolala! Mtu ambaye hajui Bwire akivua mkanda ana sauti gani, amekaa kwake na chai, akabonyeza "ubaki". Na huyo aliyempigia mkewe simu: baba, mpigie kwa hadithi yako. Na nyeupe nitaivaa siku Clare atakapokuja kulala mlangoni mwangu na rungu.

Nifanyie jambo moja. Njoo hapa Jumapili tarehe 23, baada ya kanisa. Simama mbele ya Mzee Ochola useme kwa kinywa chako kwamba sura zile ni zako. Mimi nimesema nikaonekana mwongo. Labda wataamini mwanamume. Huo nao ni upuzi, lakini pickup inakuja na sina nafasi ya kuurekebisha ulimwengu kwanza.

Triza nitampeleka kwa jirani.

Dada yako,
Truphena

*

Lucky Summer
24 Machi 2025

Kwako kaka Shiundu,

Umefika salama? Mgongo vipi, baada ya kusimama juani kutwa?

Asante kwa kuja. Ulisema vizuri: "Mzee, sura hizi tatu niliziandika mimi, na dada huyu hakujua." Ungeishia hapo! Lakini mzee akakuuliza, "Na wewe ni nani wake, hata umwandikie harusi?" nawe ukajibu, "Mimi ni msomaji wake." Kaka, hakuna mwanamume duniani aliyeingia kwa mke wa mtu akajiita msomaji, mambo yakawa mazuri. Ulipotolewa nje ukasimame na dereva wa pickup, nilisema moyoni, kwisha mimi.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hukuyaona.

Mzee Ochola akamgeukia Bwire. "Umesikia huyu? Ulijua?"

Bwire akacheka. Akasema, "Mzee, mimi nilijua siku ile ile. Ile sura ya kumi tu nikajua si yeye. Huyo mtu wa ndani ya simu anaomba msamaha. Mama Triza ananijua. Hawezi kuniandika hivyo."

Shiundu, katika kundi zima, msomaji aliyenitambua kwa kalamu yangu ni mtu niliyemkimbia. Sijui nifurahi au nitapike.

"Kumbe ulijua," mzee akasema, "na umetuleta hapa na pickup?"

"Watu wangapi wameisoma? Imeshaandikwa, mzee. Twende nyumbani."

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini machozi hayakuja, ikaja ile sauti ninayotumia kiwandani mashine zikinguruma. Nikasema, "Sawa. Nitapanda pickup. Lakini tuanze na sura ya kumi na moja, pale Austine anapokiri makosa kabla ya harusi. Piga magoti. Maneno yako haya hapa kwenye simu ya mzee, mwenzangu amekuandikia, hata kufikiri hutahitaji. Soma ulichonifanyia, kimoja kimoja, kama Austine, mbele ya hawa. Kisha nibebee kabati."

Mzee Ochola akamnyoshea simu. Bwire akaitazama kama chuma cha moto. Mwishowe akasema, "Mimi nimekuja kuchukua mke. Sikuja kupiga magoti."

Mzee akavua miwani. Akamwambia, taratibu, "Bwire. Ulitaka kula harusi bila kuposa."

Wakaondoka. Mzee aliniombea mlangoni, maombi mafupi, bila kwaya. Pickup uliiona mwenyewe ikitoka tupu. Soda walirudi nazo.

Nimeanza kuandika sura ya kumi. Yangu.

Dada yako,
Truphena

*

Tassia
2 Aprili 2025

Kwako dada Truphena,

Natumaini mko wazima. Maji yamekuja, ya kahawia.

Nimesikia sauti ya Bwire vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia katika sura zangu, na nimeona aibu kwa yale machozi ya Austine. Nilimpa bure kitu ambacho mwenyewe hakukitaka hata kwa mkopo.

Sasa ya kundi, kwa kuwa huwezi kuyaona tena. Sura yako ya kumi uliyoiweka Jumapili, Clare aliifuta kabla watu hawajamaliza chakula cha mchana. Kisha akakutoa. Ameandika: "Tunamtakia dada Truphena uponyaji. Kundi hili ni la kutiana moyo." Wamejibu kwa maua. Obonyo pia, na safari hii hajasema alibonyeza vibaya.

Nikauliza, tunamtia moyo nani, kama mwenye hadithi ndiye tuliyemfukuza? Mtu mmoja akaweka sura mpya ya hadithi yake, watu wakaimwagia maua ndani ya dakika, haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma. Nikaangalia sura zangu za nyuma. Ni vivyo hivyo. Miaka yote nilidhani wananisoma.

Nimetoka kundini. Nina hasira ambayo haijui pa kukaa. Nauliza tu, dada, na usinicheke: sasa atatusoma nani?

Kaka yako,
Shiundu

*

Lucky Summer
6 Aprili 2025

Kwako kaka Shiundu,

Shikamoo ya kahawia kwa maji yenu. Triza amepona, mimi mzima, kichaa kimepungua.

Sikucheki. Nilijiuliza hilo hilo siku tatu, nikiwa na hasira hata na beseni tunazotengeneza kiwandani. Halafu Alhamisi, saa ya kupika, mlango ukabishwa. Nikachukua mwiko kwanza, ndipo nikafungua.

Millicent. Peke yake, amejifunika leso hadi kwenye paji, kama anayetoka kwa mganga. Nikamwambia, "Wifi, kama umetumwa, rudi umwambie kabati bado langu." Akasema hakutumwa, na kwamba mume wake huko Kariobangi anadhani yuko sokoni.

Kumbe yumo Wino Mbichi tangu sura ya kwanza, kwa jina jingine. Hajawahi kuweka ua hata moja. Ndiye aliyeacha simu wazi mezani, Bwire akaiona ile harusi. Ameniomba radhi kwa hilo, nami nimeipokea. Lakini hakuja kuomba radhi.

Akasema, "Ile sura ya kumi niliiwahi kabla Clare hajaifuta. Annah anafika getini kwa watu asiowajua, mtoto amelala mgongoni, halafu inaisha. Usiku ule alilala wapi?"

Nikamwambia bado naandika.

"Na mtoto alipoamka akamuuliza baba, Annah alimjibu nini? Na begi, mle ndani aliweka nini? Mtu anaweka nini?"

Kundi zima lile, kaka, na kura zao. Waliuliza harusi lini. Waliuliza Austine ataokoka lini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza Annah alilala wapi. Na wewe pia hukuuliza, nakusema kwa upendo.

Kwa hiyo naandika usiku wa kwanza, pole pole, bila kuruka kitu. Nitakutumia na wewe, unikosoe bila huruma, maua weka kwenye kopo. Lakini atasoma Millicent kwanza. Nilimkaribisha ndani, nikamvutia stuli, akakataa kuketi. Maswali yote yale aliuliza akiwa amesimama pale mlangoni, mkono kwenye komeo, kama mtu anayeuliza njia.

Dada yako,
Truphena