Kuku wa Mwalimu Wetu

Mbalizi, Mbeya

Kamwene, Mama Tulanave,

Baridi ya huku ni ile ile ya kwetu, kwa hiyo usinionee wivu. Mwenye wivu ni mimi. Jana wifi yangu Atupele alinipeleka kwenye darasa lao la kisomo cha watu wazima. Tukamkuta kijana wa Chuo Kikuu anayepima ni darasa gani linafundisha watu wengi kusoma kwa gharama ndogo. Wifi akasimama, akasoma maandishi yote ya mfuko wa mbolea bila kukwama. Nilitamani kikohozi kimshike.

Kisha kijana akauliza vitu vyote vinavyotumika darasani: chaki, mafuta ya taa, hata chakula cha mwalimu. Nikamwambia sisi wa darasa la Igowole humchinjia mwalimu wetu kuku kwa zamu, lakini hiyo si gharama, ni heshima. Akacheka, "Bibi, kuku naye anahesabiwa." Kumbe mwalimu wao hupewa viazi vya kuchoma tu! Wifi akanirukia mbele ya watu: "Wifi, huko Igowole mwalimu ananenepa, ninyi mtasoma lini?"

Sasa kijana huyo anakuja kwetu, na anasema darasa linalokula sana na kusoma kidogo linaweza kufungwa. Acheni kuchinja, wajinga ninyi! Na wewe acha kusinzia darasani. Sikubali kushindwa na Atupele.

Nimekukumbuka, mvivu wangu. Kadi hii usimpe mwalimu akusomee. Nimeandika herufi kubwa ili uisome mwenyewe.

Bibi Rehema