Ile Thelathini na Mbili

Kaka Shabani,

Leo sianzi na salamu. Nina hasira, na nyingine ni juu yako.

Arobaini yako ilipopita tu, bosi aliniketisha kwenye kiti chako. Akataka orodha ya wagonjwa kwenye ile programu yetu ya zahanati ionekane yote kwa mara moja, watu wasihangaike kushusha ukurasa. Nikafungua kazi yako. Pale pa kimo cha mstari, ile nafasi ya kila jina toka juu hadi chini, uliandika 32. Basi. Hakuna hata neno moja la kueleza kwa nini. Wewe uliyekuwa ukinigombeza, "Zaituni, andika sababu, kesho hutakuwepo!" Herufi zenyewe ni za ukubwa wa 14, nikaona unapoteza nafasi bure. Nikaweka 18. Mistari ikabanana, orodha yote ikaenea kwenye kioo, bosi akanisifu, nami nikachekelea kama mjinga.

Wiki iliyofuata, kwenye zahanati moja mbele ya stesheni ya Kigwa, Nesi Paskalina alisoma jina la mtoto, jicho likateleza mstari wa chini, akamhesabia vidonge vya mtu mzima. Mama wa mtoto ndiye aliyeshtuka kabla mwanawe hajameza. Sasa wanataka kumsimamisha kazi. Kwenye kikao bosi alisema nesi amezeeka, abadilishe miwani. Watu wakacheka. Mimi nilikuwepo, kaka. Niliangalia viatu vyangu.

Jumatatu nikapanda treni kwenda kumwona. Shikamoo yangu aliitikia vizuri tu, na hilo likaniuma zaidi. Akawasha kompyuta, akaweka kidole kwenye kioo, akakipitisha toka kwenye jina hadi kwenye dawa. Kidole kilifunika mistari miwili. Akasema, "Yule marehemu mwenzako alikuja hapa akapima kidole changu kwa rula. Akaniambia, mama, mstari wako nitaufanya upana wa hiki."

Ulimwambia yeye! Miaka mitatu tunakunywa kahawa meza moja, unanisimulia habari za timu yako hadi nachoka, hili ukaenda nalo kaburini? Kwa nini? Ningejua nisingegusa.

Lakini nakusingizia, na najua. Namba ya simu ya Nesi Paskalina ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini kwetu. Ningeweza kumuuliza. Nilitaka kusifiwa.

Kiti chako kinaniumiza mgongo na bado sina moyo wa kukibadilisha.

Mistari nimeirudisha, na sababu nimeiandika pembeni yake, ndefu, hata mgeni ataelewa. Kesho wanakaa tena kuamua hatima ya Nesi Paskalina. Nakuahidi nitasimama kabla bosi hajafungua mdomo, niseme aliyeibana mistari ni mimi. Nikifukuzwa nifukuzwe. Yule mama hatabeba kosa la mkono wangu huku nimekaa kimya mara ya pili.

Mungu akulaze pema, kaka. Kwa hili sijakusamehe bado, wala mimi sijajisamehe.

Mdogo wako,
Zaituni